Henry Gantt: mutu aliyechora mistari ya kazi

Mutu anayetumika ku mugodi anajua ile karatasi kubwa inayotundikwa mu biro ya enjeniere. Upande wa kushoto iko majina ya kazi: kuchimba galeri, kuweka mbao za kushikilia, kufunga pompi, kuleta mashini. Juu iko siku na majuma. Katikati iko mistari minene iliyolala, mingine mirefu, mingine mifupi, na ndani ya kila mustari rangi inajaa pole pole sawa maji mu chupa. Pembeni kunaandikwa namba: asilimia 40, asilimia 75, asilimia 100. Siku hizi karatasi yenyewe imeingia mu ordinatere, lakini mistari ni ile ile. Maenjeniere wanaiita diagrame ya Gantt, ao Gantt tu.

Kila mwanzo wa juma ile namba inasomwa mbele ya mashefu. Ikiwa ndogo, shefu wa ekipe anaitwa kujieleza. Primi ya mwisho wa mwezi inaweza kupotea juu yake. Na kule nyumbani, mama anayengojea feza ya masomo ya watoto hajui kama ile shida ilipita ku mustari uliovumbuliwa na mutu aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Gantt hakuwa jina la mashini, wala jina la kampani. Alikuwa mutu, na maisha yake yanafaa kujulikana kwetu sisi wa migodi, juu yeye mwenyewe alibadilika njiani. Alianza kazi akipima watumikaji. Alimaliza akipima wakubwa wao.

Mutoto wa shamba lililoanguka

Henry Laurence Gantt alizaliwa tarehe 20 mwezi wa 5 mwaka 1861, mu wilaya ya Calvert, jimbo la Maryland, Marekani. Baba yake alikuwa na shamba kubwa, na wenye kulima lile shamba walikuwa watumwa weusi. Tuseme wazi: utajiri wa ile jamaa ulitoka mu jasho la watu wasiolipwa hata makuta moja.

Vita kati ya majimbo ya kaskazini na majimbo ya kusini ilikuwa imeanza mwezi mumoja tu mbele ya yeye kuzaliwa. Mwaka 1864 jimbo la Maryland likafuta utumwa. Mwaka 1865 vita ikaisha, na utajiri wa jamaa ya Gantt ukaisha nayo.

Mutoto akakulia mu umasikini. Mwaka 1873 akapelekwa ku masomo ya McDonogh, karibu na muji wa Baltimore. Ile masomo ilifunguliwa mwaka ule ule kwa ajili ya vijana wasiokuwa na kitu. Wanafunzi walisoma mu vitabu, na pia walitumika ku shamba la masomo. Pale mutoto wa tajiri wa zamani akajifunza kutumika na mikono yake.

Alikuwa na akili mingi. Mwaka 1880 akapata diplome ku Johns Hopkins, kisha akarudi McDonogh kufundisha. Mwaka 1884 akapata diplome ya enjeniere wa mashini ku Stevens Institute of Technology, mu jimbo la New Jersey. Akatumika muda kidogo sawa muchora-plani mu kampani moja ya Baltimore, halafu akarudi tena kufundisha. Tukumbuke hii: mbele ya kuwa mutu wa fabriki, Gantt alikuwa mwalimu. Ile roho ya mwalimu haikumutoka, na tutaiona tena hapa mbele.

Ku tanuru za chuma, pamoja na Taylor

Mwaka 1887 Gantt akaingia mu kampani ya chuma ya Midvale Steel, ku muji wa Philadelphia. Pale akakuta enjeniere moja ambaye jina lake linajulikana hata leo: Frederick Winslow Taylor. Taylor alikuwa anapima kazi na saa mu mukono. Fundi anageuza chuma ku mashini, Taylor anaandika dakika. Mutu anabeba muzigo, Taylor anaandika dakika. Yeye aliamini kama kila kazi iko na njia moja iliyo nzuri kupita zote, na kama ile njia inapashwa kuchaguliwa na biro, hapana na mutumikaji.

Gantt akawa musaidizi wake, kisha akaongoza sehemu ya kumimina chuma. Akatoka Midvale mwaka 1893. Lakini mwaka 1899 wakakutana tena ku Bethlehem Steel, mu jimbo la Pennsylvania, fabriki kubwa sana ya wakati ule. Pale njo tofauti kati yao ikaonekana.

Taylor alipenda bei mbili. Fundi anayefika ku kipimo cha siku, analipwa bei kubwa kwa kila kipande alichofanya. Fundi asiyefika, analipwa bei ndogo kwa vipande vyote. Tuone maana yake: mutu akiwa na homa siku moja, ao mashini yake ikiharibika saa mbili, hapotezi primi tu. Mushahara wenyewe unaanguka. Na mutu mupya ambaye hajazoea kazi, kwake ile bei ndogo ni sawa malipizi ya kila siku.

Gantt hakukubali. Mwaka 1901 akaleta mupango mwingine, ulioitwa kazi na primi. Mushahara wa siku unakuwa hakika: mutu amekuja, ametumika, analipwa siku yake yote. Biro inamupa kazi iliyoandikwa ku karatasi, na saa za kuimaliza, na maelezo namna ya kuifanya. Akimaliza mu zile saa, anaongezewa primi juu ya mushahara. Asipomaliza, mushahara wake haukatwi.

Na Gantt akaongeza kitu kingine, ambacho pengine kilikuwa kikubwa kupita kile cha kwanza. Shefu wa ekipe naye alipewa primi. Kwa kila mutumikaji wake aliyefika, shefu alipata kitu. Na kama wote wamefika, bila hata moja kubaki nyuma, aliongezewa tena. Mbele ya pale, shefu alikuwa mutu wa kupiga kelele na kusukuma. Sasa yule mutumikaji wa mwisho, anayechelewa, anayekosa kila mara, njo aliyekuwa anashika primi ya shefu mu mukono wake. Shefu akalazimika kumufundisha. Yule mwalimu wa McDonogh alikuwa amerudi.

Alama nyeusi, alama nyekundu

Ili kujua nani amefika na nani hajafika, Gantt akachora tablo. Kila mutumikaji na mustari wake, kila siku na pahali pake. Siku ambayo mutu amepata primi, alama nyeusi. Siku ambayo hakupata, alama nyekundu.

Mutu anaweza kusema ni kitu kidogo. Hapana. Mutu akisoma rapore ya maneno mengi, hakumbuki kitu kesho yake. Lakini akiona tablo, macho yanamuambia mara moja. Mustari wa mutu moja ukiwa mwekundu kila siku, na wenzake weusi, basi yule mutu hajafundishwa vizuri, ao kazi haimufai. Lakini siku moja ikiwa nyekundu kwa watu wote, kutoka juu mupaka chini, je, watu wote walikuwa wavivu siku moja? Haiwezekani. Siku ile kulikuwa na kitu: moto wa mashini ulikosa, ao chuma cha kufanyia kazi hakikufika. Pale shida haiko kwa watumikaji.

Mwaka 1903 Gantt akaandika mbele ya shirika la maenjeniere wa mashini wa Marekani maelezo ya tablo zake. Wazo lilikuwa jepesi: kila siku, uandike pamoja kile kilichopashwa kufanywa na kile kilichofanywa. Namba moja peke yake haisemi kitu. Namba mbili, moja pembeni ya ingine, zinaanza kusema.

Mugomo na saa za kupima

Tusimufanye Gantt mutakatifu. Mu mupango wake, nani alikuwa anaamua kama kazi fulani ni ya saa 3 ao saa 5? Ni biro. Mutumikaji hakuulizwa. Na kila mutu aliyetumika kwa kipimo anajua ile hofu: leo ukikaza na kumaliza mbele ya wakati, kesho kipimo kitapandishwa. Gantt alitaka kipimo kisiguswe bila sababu, lakini si kila mwenye kampani alikuwa na roho sawa yake.

Tangu mwaka 1904 Gantt alitumika mu fabriki ya kusafisha vitambaa ku Saylesville, jimbo la Rhode Island, na pale mugomo uliripuka. Watu walitaka kuongezewa mushahara, na mupango wa kazi na primi haukuwafunga kinywa.

Kisha kukaja mambo ya Watertown. Mu mwezi wa 8 mwaka 1911, mwaka ule ule shaba ya kwanza ilimiminwa ku Lubumbashi, wamimina-chuma wa fabriki ya silaha ya serikali ku Watertown, karibu na Boston, waliacha kazi. Sababu ilikuwa saa ya kupima: mutu wa biro alisimama nyuma ya fundi na kuandika dakika zake. Gantt hakuwa pale, lakini mupango ulikuwa wa Taylor. Masindika wakapeleka neno mbele ya wabunge, wabunge wakafanya uchunguzi, na mwaka 1915 wakakataza ile saa na zile primi mu fabriki za silaha za serikali. Taylor akakufa mu mwaka ule ule.

Gantt yeye alikuwa amekwisha kuandika kitabu, mwaka 1910, juu ya kazi, mushahara na faida. Mu kile kitabu aliendelea kukaza neno la kufundisha: kampani inayotaka kazi nzuri inapashwa kwanza kufundisha mutu, kisha kumulipa. Lakini tangu pale macho yake yalianza kutazama pahali pengine. Yalitoka ku mikono ya fundi, yakapanda ku biro ya wakubwa.

Nani analipa mashini iliyolala?

Mwaka 1915 Gantt alileta mbele ya maenjeniere wenzake swali la mashini zisizotumika. Tuchukue mufano wetu. Kampani iko na mashini 10. Zinatumika 6, zingine 4 zimelala. Nyumba, walinzi, mafuta, riba ya banki, vyote vinalipwa kwa mashini 10. Desturi ya wenye hesabu ilikuwa kugawanya ile feza yote juu ya mali iliyotoka ku mashini 6. Basi mali inaonekana ya bei kali, mukubwa anakasirika, na neno la kwanza analosema ni kukata mishahara.

Gantt akakatala. Akasema, mali ibebe tu feza ya mashini zilizoifanya. Feza ya mashini 4 zilizolala iandikwe pembeni, peke yake, na jina lake lijulikane: ni hasara ya uvivu. Na kama ni uvivu, ni wa nani? Fundi hawezi kulala na mashini ambayo hakupewa kazi yake.

Akachora tablo mupya. Safari hii mistari haikuwa ya watu tu. Ilikuwa ya mashini pia. Kila mashini, kila siku, mustari unaonyesha saa ilizotumika. Pahali mustari umekatika, mashini ililala. Na pembeni ya pale peupe ikaandikwa herufi moja ya kuonyesha sababu: kukosa vifaa, kungojea kutengenezwa, kukosa chombo, kukosa nguvu ya kusukuma mashini, kukosa musaidizi, kukosa komande. Sababu moja tu ilihusu mutumikaji: mutu hakufika ku kazi.

Soma tena ile orodha, ndugu musomaji. Nani anatengeneza mashini? Nani anaagiza vifaa? Nani anatafuta wanunuzi? Karibu sababu zote ziko mu mikono ya wakubwa. Gantt hakupiga kelele na hakuongoza mugomo. Alichora tu mistari na herufi, na mistari ikasema kama wakati mwingi unaopotea mu fabriki unapotezwa na wenye kuongoza.

Vita, na mustari unapata siku

Mwezi wa 4 mwaka 1917 Marekani ikaingia mu Vita Kubwa ya Ulaya. Serikali ilihitaji silaha mingi, risasi mingi, na mashua kubwa mingi, juu Wajerumani walikuwa wanazamisha mashua kila juma. Gantt akaacha kazi yake ya kulipwa vizuri, akaenda kusaidia ku fabriki ya silaha ya Frankford, ku Philadelphia, na kisha mu kazi ya kujenga mashua.

Alikuta tablo za hesabu. Komande ni vipande 1000, vimekwisha 300. Basi asilimia 30. Vizuri ao vibaya? Hakuna anayejua. Kama tuko siku ya 3 mu siku 10, ni sawasawa kabisa. Kama tuko siku ya 9, ni musiba. Asilimia isiyojua leo ni siku gani, haisaidii mutu.

Gantt akaleta dawa. Kazi isipimwe kwa wingi peke yake. Ichorwe juu ya kalenda. Kila pahali pa siku ni kazi inayopashwa kufanywa siku ile.

Tuweke mufano wa mugodi, ionekane vizuri. Galeri ya metre 100 inapashwa kumalizika mu siku 20. Maana yake metre 5 kila siku. Ku mangaribi ya siku ya 10, ekipe ilipashwa kuwa ku metre 50. Wanapima, wanakuta metre 40. Sasa, namba gani ni ya kweli? Asilimia 40 ya galeri yote imekwisha. Lakini ya kile kilichopashwa kwisha mupaka leo, ni asilimia 80. Na ku tablo ya Gantt, mustari munene unaanza siku ya kwanza na unasimama ku mwisho wa siku ya 8, wakati kalenda iko ku siku ya 10. Mutu yeyote, hata asiyejua hesabu, anaona: tumechelewa siku 2.

Halafu mustari mwembamba wa kila siku unaonyesha ni siku gani mbaya. Siku ya 6 metre 1, siku ya 7 metre 0, siku ya 8 metre 4. Na pembeni ya pale peupe, herufi: pompi ilikuwa inatengenezwa. Bila ile herufi, wakubwa watasema ekipe imelala. Na ile herufi ikiwapo, watajua kama zile siku mbili zilipotezwa na pompi, na kama pompi haitatengenezwa, siku zingine zitapotea vile vile, hata wakileta ekipe ingine.

Ile njo kazi yote ya Gantt mu neno moja: namba, siku, na sababu. Vitu vitatu, pamoja, ku karatasi moja.

Tablo zake zilifuata mashua zilizojengwa, na pia mashua zilizokwisha kujengwa: ziko njiani, ao ziko zimelala ku bandari zikingojea kupakuliwa? Kujenga mashua mupya hakufai kitu kama zile za zamani zinakaa siku mingi bila kutembea.

Mu ile miaka ya mwisho Gantt akaingia hata mu mambo ya siasa. Mwaka 1916 akakusanya wenzake mu kikundi kilichoitwa New Machine, wakitaka uongozi wa fabriki utoke kwa wenye feza, uende kwa wale wanaojua kazi. Kikundi hakikuishi sana. Mwaka 1919 akatoa kitabu chake cha mwisho, akikaza kama fabriki iko kwa ajili ya kutumikia watu, na kama faida isiyotumikia watu itavunja inchi. Mu mwaka ule ule, tarehe 23 mwezi wa 11, akakufa. Alikuwa na miaka 58.

Mistari ilibaki, herufi ikapotea

Mwenzake Wallace Clark akaandika mwaka 1922 kitabu juu ya tablo ya Gantt, na kile kitabu kikatafsiriwa mu luga mingi. Mwenzake mwingine, Walter Polakov, aliyezaliwa Urusi, akarudi kule ku mwisho wa miaka ya 1920 kufundisha tablo mu mipango ya serikali ya Wasovieti. Mwaka 1929 maenjeniere wa Marekani wakaweka medali yenye jina la Gantt.

Haki inataka tutaje pia Karol Adamiecki, enjeniere wa Poland aliyetumika ku fabriki za chuma. Yeye alikuwa amechora tablo ya kufanana tangu mwaka 1896. Lakini aliandika mu Kipolandi na Kirusi, na watu wa Magharibi hawakumusoma. Bahati ya luga tu. Sisi tunaoandika mu Kiswahili tunaelewa ile shida.

Mu miaka ya 1957 na 1958 maenjeniere wa Marekani wakaongeza kitu kilichokuwa kinakosekana: kuonyesha kazi gani inangojea kazi gani. Huwezi kuweka reli mbele ya kuchimba galeri. Ku mwaka 1983 kampani ya Primavera ikaanzishwa, ku mwaka 1984 Microsoft ikatoa programu yake ya Project, na tablo ikaingia mu ordinatere. Tangu pale hakuna tena mutu wa kuchora na mukono. Unaandika namba, na rangi inajaa yenyewe.

Na pale njo hatari iko. Ordinatere inaamini kila kitu unachoandika. Mu zile programu, asilimia iko ya namna tatu, na watu wengi hawajui. Ya kwanza inahesabu siku: kazi ya siku 20, siku 16 zimepita, basi asilimia 80. Ya pili inahesabu saa za watu: saa 1000 zilipangwa, saa 800 zimetumika, basi asilimia 80. Ya tatu inapima kitu chenyewe: metre ngapi zimechimbwa, bolti ngapi zimefungwa. Sasa rudia ku galeri yetu. Siku 16 zimepita, saa 800 zimetumika, lakini mwamba ulikuwa mugumu na metre ni 50. Namna mbili za kwanza zinasema asilimia 80. Mwamba unasema asilimia 50. Programu ya Microsoft, kama haujaiambia kingine, inafuata ile ya siku. Mutu anaweza kuonyesha mukubwa rangi nzuri mu ordinatere na galeri ikiwa nusu tu.

Iko pia ile asilimia ya kukisia. Shefu anaulizwa, kazi imefika wapi? Anajibu asilimia 90, juu haipendezi kusema 60. Juma linalofuata, 92. Juma lingine, 93. Kazi inakaa ku 90 na kitu mwezi muzima. Ile ya Gantt haikuwa ya kukisia. Ilikuwa ya kuhesabu: vipande vimetoka, ao havijatoka.

Lakini kilichopotea zaidi ni ile herufi ya sababu. Tablo nyingi za leo ziko na mistari, ziko na rangi, ziko na namba, hazina pahali pa kuandika kama pompi ilikufa. Watu walirithi kwa Gantt ile alama nyeusi na nyekundu ya ujana wake, ya kupima mutumikaji. Ile ya uzee wake, iliyopima wakubwa, wakaiacha njiani.

Basi, ba papa mulio ku kazi, siku mutakapoitwa mbele ya ile tablo, musiiogope na musiitukane. Muulize maswali matatu, kwa heshima. Hii asilimia inahesabu nini: siku, saa, ao metre? Inalinganishwa na tarehe gani? Na pahali imesimama, sababu imeandikwa wapi? Na wewe shefu wa ekipe, uwe na kitabu kidogo mu mufuko. Kila mangaribi andika metre za siku, na siku ikiwa mbaya andika pembeni kilichokosekana na saa kilipokosekana. Ku mwisho wa mwezi, wakati primi inazungumuzwa, ile karatasi yako itasimama pembeni ya karatasi yao, na mazungumuzo yatakuwa mengine.